Mwisho Nilioubadilisha

Jicho la pili la mume wangu lilipokufa, kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa fimbo. Aliniomba nimtazamie filamu.

Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, pale Kasapa. Kwenye karatasi alifundisha fasihi ya Kifaransa, lakini wanafunzi wake walimjua kwa jambo jingine. Kila Alhamisi alasiri, miaka nenda miaka rudi, alifunga mapazia ya ukumbi mmoja mdogo, akatundika shuka jeupe ukutani, akaonyesha filamu za mwongozaji mmoja tu, Mwingereza wa zamani ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwatia watu wasiwasi. Nyumbani tulimwita Mzee, kama ndugu wa ukoo aliyekaa mbali. Shuka lenyewe lilikuwa langu, la harusi. Nilipolidai akasema Mzee bado analitumia.

Mimi nilikuwa mkunga katika nyumba ya uzazi ya Kampemba, karibu na kwetu. Filamu hizo sikuzipenda. Katika ndoa yetu yote nilikuwa nimetazama moja tu hadi mwisho, ile ya mwanamke anayeuawa bafuni katika hoteli ya njiani, na baada yake nilioga wiki nzima mlango ukiwa wazi. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia damu ninayoiona kazini inanitosha.

Ugonjwa ulianzia pembeni. Alikuwa akigonga bega kwenye miimo ya milango, akilaumu fundi aliyeijenga nyumba. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kutibiwa, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kulia lilitangulia. Kwa lile la kushoto aliendelea kufundisha, karatasi ameisogeza hadi puani, kisha ikaja baridi ya mwezi wa sita na nalo likazima. Akaacha kazi. Akawa anakaa sebuleni kando ya dirisha, koti mabegani, akisikiliza baiskeli za wauza makaa zikipita.

Kuna kitabu kidogo alichowaahidi wanafunzi tangu nywele zake zikiwa nyeusi: filamu kumi bora za Mzee, kuanzia ya kumi kwenda ya kwanza, na kwa kila moja sababu yake. Alikitaja kwenye kila sherehe ya kufuzu. Hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja. Sasa alitaka kukisema kwa mdomo, mimi niandike.

"Lakini siwezi kusema juu ya kintu sijaona tena," aliniambia. "Kichwa inadanganya. Wee utaangalia, utanielezea, mi nitakuambia ya kuandika."

"Mi sijue mambo ya filamu, Papa."

"Macho uko nayo. Mengine nitakufundisha."

Umeme katika mtaa wetu ulikuwa unakuja saa saba mchana na kukatika jioni, basi huo ndio ukawa muda wetu. Niliweka kompyuta kwenye meza, nikavuta pazia kwa sababu ya mwanga, nikakaa karibu naye na daftari mapajani. Tulianza na ile ya mpiga picha aliyevunjika mguu, ambaye hana la kufanya ila kuchungulia majirani kupitia dirishani. Nikamweleza kwamba chumba ni kidogo, mchumba wake ni mzuri, amevaa gauni, juu jeusi, chini jeupe, limeshonwa vizuri sana.

"Mama, robe haina maneno. Yee anaangalia nini?"

"Madirisha."

"Madirisha ngapi? Mu dirisha ya kwanza kuko nani? Anafanya nini na mikono?"

Nilisimamisha picha, nikahesabu madirisha. Tulifanya hivyo siku tatu kwa filamu moja. Alinifundisha niseme kwanza mtu anaangalia nini, kisha uso wake, kisha tena kile anachoangalia, kwa sababu Mzee aliijenga hofu yake kwa mpangilio huo. Alinifundisha tofauti ya kushtuka na kuwa na wasiwasi, kwa mfano aliokuwa akiwapa wanafunzi: mwanamke yuko uani anaosha majani ya sombe, anaimba, na sisi tumeona nyoka akiingia ndani ya beseni. Yeye hajaona. Anaingiza mkono, anautoa kuchukua maji, anauingiza tena.

"Nyoka akiruka, ni sekunde moja, imekwisha," alisema. "Lakini ule wakati yee anaimba, ule njo sinema."

Nikazoea. Baada ya filamu ya tatu nilikuwa nausubiri umeme kuliko yeye. Nilijikuta ninamaliza kupika mapema, ninawafukuza wageni kwa adabu. Ile ya msichana anayempenda mjomba wake kuliko watu wote, halafu anaanza kuelewa, kidogo kidogo, kwamba mjomba huyo anaua wajane, hiyo iliniteka. Hakuna giza wala jengo la kutisha. Ni familia inayokula mezani, na mama anafurahi kaka yake amerudi. Nikamwambia hiyo ndiyo iwe ya kwanza. Yeye akaiweka ya nne.

"Juu ya nini ya nne?"

"Juu ile tatu ingine inaipita."

"Hii inatisha zaidi. Ni mu nyumba. Mubaya mwenyewe njo anasaidia kupanga sahani."

Akacheka polepole, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu macho yamwishe. "Andika vile. Vile vile umesema. Weka ni mama ya batoto alisema."

Niliandika. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siku njema ya mwisho.

Maumivu ya kichwa yalianza wiki hiyohiyo. Asubuhi alitapika kabla hajala kitu. Siku moja alianguka uani, mahali ambapo hata bila macho alipajua kila jiwe. Nikampeleka hospitali kubwa, akapigwa picha za kichwa, na daktari akaniita pembeni kwenye ujia. Mume wangu alibaki kwenye benchi, kofia mikononi, uso ameuelekeza kule sauti zetu zilikokuwa zinatoka.

"Mama, wee uko mu kazi yetu, sitakuzungusha," daktari alisema. Ndani ya ubongo kulikuwa na uvimbe, ukubwa wa ndimu, mahali ambapo kisu hakifiki. Alizungumza kwa miezi, si kwa miaka. Kumbukumbu itaanza kukatika, halafu maneno, halafu usingizi mrefu.

"Nimuambie?"

"Wee njo unamujua," akasema.

Nilitembea hatua kumi hivi hadi kwenye benchi.

"Anasema nini?" mume wangu akauliza.

"Anasema ni ile presha ya macho, imefika mpaka mu kichwa. Atakupatia dawa."

"Bon," akasema, akavaa kofia, akanyoosha mkono nimshike.

Nimewahi kuwaambia wanawake wengi kwamba mtoto hapumui. Sikuwahi kumwambia hata mmoja uongo, na wauguzi wadogo nilikuwa nikiwagombeza wakianza kuzungukazunguka. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijiambia zimebaki filamu tatu, acha amalize kitabu chake akiwa na furaha. Nilijiambia hivyo kila siku mchana, umeme ulipokuja.

Badala ya kuendelea na ya tatu, alitaka turuke moja kwa moja hadi ya kwanza. Sikumuuliza sababu. Ya kwanza, kwake, ilikuwa ile ya askari mpelelezi mstaafu anayeogopa kwenda juu, na mwanamke anayempenda na kumpoteza kwenye mnara wa kengele. Halafu anakutana na mwingine anayefanana naye, kumbe ni yuleyule, na anampandisha tena mnara uleule. Mume wangu alikuwa ameionyesha kila mwaka. Aliijua picha kwa picha. Wanafunzi walikuwa na mchezo wa kumtajia rangi ya nguo, naye anawajibu ni dakika ya ngapi.

Wiki hiyo alikuwa ameniuliza mara mbili mama yake yuko wapi, mbona hajaja kumsalimia. Mama yake tulimzika sisi wawili, zamani, kabla ya mtoto wetu wa mwisho kuzaliwa.

Tulifika mwisho wa filamu siku ya tatu, jua likiwa bado juu. Wale wawili wako kileleni mwa mnara. Wameambiana kila kitu. Sista mwenye nguo nyeusi anatokea gizani, mwanamke anashtuka, anarudi nyuma, anaanguka. Niliiona. Kinywa changu kilikuwa wazi ili niiseme, kama nilivyosema mambo yote mpaka hapo.

"Eh?" mume wangu akauliza. "Inafika wapi?"

"Anamushika mukono," nikasema. "Banashuka."

Nilingoja anigombeze. Kwa kweli nilitaka anigombeze. Nilitaka aseme Mama, unaona nini wee, rudisha nyuma, angalia vizuri. Aliinamisha kichwa kidogo upande kama alivyokuwa akifanya akisikiliza mwanafunzi anayejibu vizuri.

"Banashuka," akasema. "Ah. Nilisahau ile."

Kisha akaanza kunitajia ya kuandika, bila kusita, bila kufuta, na tangu tuanze hakuwahi kusema kwa wepesi namna hiyo. Alisema Mzee alikuwa mkali kwa watu wake maisha yake yote, hakumwacha mtu apite bila kulipia kosa lake, lakini hawa wawili aliwaonea huruma. Alisema ndiyo maana hii ni ya kwanza: kwa sababu aliyejua kuua kwa ustadi namna ile aliamua, mara moja, kutoua. Ilikuwa aya nzuri kuliko zote katika lile daftari. Mkono wangu uliiandika yote, na nilipomaliza nikaenda jikoni, nikabandika maji ya bukari, yaani ugali, nikakaa chini sakafuni hadi yakakauka sufuriani.

Msiba wangu ulianza siku hiyo. Yeye alikuwa hai, sebuleni, ananiita nimletee chai.

Ningeishia hapo, labda. Lakini wiki nyingi baadaye, maumivu yalipompa nafasi, tulirudi kwenye ya tatu, ile ya ndege wanaoshambulia mji mdogo wa pwani bila mtu kujua kisa. Mwishoni familia inatoka nyumbani polepole, inaingia kwenye gari, na ndege wamejaa kila mahali, wametulia, wanatazama. Nikamwambia ndege wameruka wote, mbingu ni nyeupe. Akasema vizuri, andika. Safari hii sikuwa ninaipima tena kumbukumbu yake. Ilikuwa rahisi, na aliposikia habari njema mabega yake yalishuka, na mimi niliyapenda mabega yale yakishuka.

Jumamosi moja akaja mwanafunzi wake wa zamani, sasa ni msaidizi wa mwalimu hapohapo Kasapa, ndiye anayeendesha filamu za Alhamisi. Alitaka kuchukua daftari akaanze kulipiga chapa wakati filamu ya pili ikisubiri. Mume wangu alikuwa na siku nzuri, kichwa hakimuumi, ameoga, amevaa shati la kufundishia. Alimkaribisha mgeni kwa jina lake kamili, jambo ambalo watoto wetu walikuwa hawalipati tena. Akaanza kumweleza juu ya ile ya kwanza.

"Banashuka pamoja," alimwambia. "Mzee anabasamehe. Hii njo bantu hawaelewe."

Kijana aligeuka. Alinitazama. Nilimtikisia kichwa, na nina hakika alinielewa. Lakini alikuwa amelelewa na mume wangu, na mume wangu hakuwahi kuwaruhusu wanafunzi wake waache kosa lipite.

"Pardon, Professeur," alisema taratibu. "Ule mwanamuke anaanguka."

"Hapana."

"Anaanguka, Professeur. Wee mwenyewe ulitufundisha. Ulikuwa unazima machine, unatuambia muntu asitoke kwanza, tuikale na ile kintu."

Mikono ya mume wangu ilianza kupapasa magoti, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka. Ilichukua muda mrefu. Niliuona uso wake ukienda mbali, ukirudi, na nilimwomba Mungu asikipate.

"Kengele," akasema. "Kuko sista. Njo anapiga kengele."

"Ndiyo, Professeur."

Akageuza uso kuniangalia, yaani upande niliokuwa nimekaa. "Mama."

"Niko."

"Anaanguka?"

"Anaanguka."

"Na bandege?"

"Banabakia. Hawaruke."

Alitikisa kichwa polepole. Mgeni alikuwa amesimama, anatafuta namna ya kuaga. Mume wangu alimsikia.

"Ikala," alimwambia. "Nataka muntu mwingine asikie." Kisha, kwangu: "Na kule ku hopitali? Dokta alisema nini?"

Nilimwambia. Mbele ya mgeni nilimwambia yote, uvimbe, ndimu, miezi, kumbukumbu. Nilitumia sauti ya kazini kwa sababu nyingine sikuwa nayo. Aliuliza ni lini daktari aliyasema hayo, nikamwambia miezi mitatu imepita.

"Miezi tatu," alisema. "Mulikuwa munaniangalia."

"Mi peke yangu, Papa. Hakuna muntu mwingine alijua."

Alimwomba kijana afungue daftari, atafute ule ukurasa, aung'oe. Kijana alisita, akanitazama, kisha akaung'oa. Mume wangu alisikiliza karatasi ikichanika hadi mwisho. Akasema ule wa ndege pia. Halafu akaniuliza katika zile saba za mwanzo ni ipi niliyomweleza sawasawa.

"Yote saba. Naapa."

"Nitajua namna gani?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Lilikuwa swali la mwalimu. Kijana aliondoka na daftari, ameambiwa asilichape.

Hakunipigia kelele, si siku hiyo wala baadaye. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuhakikisha. Nikimwambia mvua inanyesha, alitoa mkono dirishani. Nikimwambia hii ni mboga ya lengalenga, aliinusa kwanza. Mchungaji alipokuja kumwombea, nikamtambulisha, mume wangu alisema, "Aseme mwenyewe." Binti yetu alipopiga simu kutoka Kolwezi, nilimsikia akimuuliza kwa sauti ya chini, "Leo ni dimanche? Mama yako anasema ni dimanche." Ilikuwa Jumapili kweli.

Kumbukumbu iliendelea kuanguka, vipande vikubwa vikubwa. Alisahau Kasapa. Alisahau kwamba aliwahi kuona. Majina ya watoto yalikwenda, kisha idadi yao, kisha kwamba walikuwepo. Mzee mwenyewe alisahaulika, nilimtaja siku moja akauliza ni mzee gani, wa wapi. Nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote, najua ubongo hauchagui kipi kibaki. Lakini kimoja hakikutoka. Hakujua tena kwa nini, hakukumbuka mnara wala ndege wala benchi la hospitali, ila alijua kwamba mwanamke mwenye sauti yangu ni wa kuhakikiwa.

Nilijaribu kumwambia ukweli kwa wingi. Nilimwambia kila kitu, hata visivyo na maana: kikombe kina ufa, jirani amepaka ukuta rangi ya kijani, nimechoka, chumvi imezidi. Alisikiliza vizuri, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mfanyabiashara. Halafu mkono ulitoka kupapasa ufa.

Siku zake za mwisho alikuwa hospitalini, chumba cha watu wanne, kitanda cha ukutani. Maneno yalibaki machache. Asubuhi ile muuguzi alikuwa akimbadilisha shuka, msichana mpole, nilimzalisha mama yake. Nilikuwa nimekaa upande wa pili na kiganja chake ndani ya kiganja changu.

"Niko hapa, Papa," nilimwambia.

Aligeuza kichwa kwa taabu, akanipa kisogo, akaelekeza uso alikokuwa muuguzi.

"Eko hapa?" akamuuliza.

"Eko, Papa," msichana akajibu. "Amekushika mukono."

Hapo akaridhika. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwenda.

Baada ya maziko kijana wa Kasapa alinirudishia daftari, amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Aliomba msamaha, akasema alipaswa kunyamaza siku ile. Nilimwambia alifanya sawa. Bado sijui kama ninaamini hivyo, na sikutaka kumfikiria zaidi. Nililiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Filamu ya pili hatukuifikia, na hakuwahi kunitajia ni ipi.

Wanawake wa kanisani huniambia nilifanya kwa mapenzi. Wanakuja Jumapili baada ya ibada, wanakunywa chai, wanasema hivyo, na wakishaondoka ninaosha vikombe. Umeme bado unakuja saa saba. Friji inaanza kunguruma, taa ya sebuleni inawaka yenyewe kwa sababu swichi nimeisahau, nami naizima.